Magogo ya Kukalia

Mwezi uliopita fundi anayetengeneza bustani ya jirani yangu alipasha oili chafu kwenye kopo la rangi, akaanza kuipaka kwenye vipande vya magogo. Jirani anataka viti vya kienyeji, wageni wake wapigie picha. Nilikuwa naanua nguo upande wangu wa ukuta. Harufu ilipovuka nikakaa chini palepale, shuka mkononi, kama mtu aliyeambiwa habari. Wengine mtasema hiyo ni harufu ya gereji na sitabishana nanyi. Kwangu ni harufu ya majuma yale ambayo mama yangu hakuwepo nyumbani na hakuna aliyekuwa tayari kuniambia kwa nini.

Tulikaa juu milimani, Usambara, upande wa Mgwashi, mahali ambapo barabara ya magari ya chai inajikunja kabla ya kuanza kushuka. Baba alifanya kazi kiwandani, chumba cha boila, kazi yake ni kulisha moto wa kukaushia majani. Wenzangu wa umri huu mtaikumbuka miaka ile. Kila mtu mdomoni alikuwa na neno moja, ruksa. Ruksa kuuza mitumba, ruksa kufungua duka popote unapotaka, ruksa mtu na gari lake kupanda kutoka Dar kuja kununua kabichi na matunda shambani. Katikati ya ruksa hizo zote kiwanda kikasimama. Watu wazima walisema kinatafutiwa mwenyewe. Nilishangaa sana, maana mimi nilijua mwenyewe wa kiwanda ni baba. Si ndiye aliyekuwa na ufunguo wa boila?

Nje ya boila lilibaki rundo la magogo ya mikaratusi ambayo hayakuwa na moto wa kuyangoja tena. Wafanyakazi wakaambiwa kila mmoja achukue anachoweza. Wengine walipasua kuni siku hiyohiyo. Baba na rafiki yake Mjomba Sanga waliyabingirisha magogo mazima mpaka uwanjani kwetu. Mjomba Sanga hakuwa ndugu yetu wa damu. Alitoka Njombe, alikuja kuchuma chai akiwa kijana, akazeeka hapa bila kujifunza Kishambaa, na akiwepo yeye nyumba nzima tulihamia kwenye Kiswahili.

Sasa lazima nieleze gogo lilikuwa na maana gani kwangu, vinginevyo mtaniona nilikuwa punguani. Pale kwetu mtu akifariki, wanawake huingia ndani na kukaa kwenye mikeka, na wanaume hubaki nje. Nani alikuwa na viti vya kutosha wanaume wote hao? Vijana walitumwa kuleta magogo, wakayapanga kuzunguka moto, na wanaume wakayakalia na makoti yao, kola zimepandishwa, mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo magogo yalipasuliwa yote. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mkali sana juu ya hilo. Alisema gogo likiachwa uwanjani linaita watu, na watu hawawezi kuja bure, lazima wapewe sababu ya kuja. Kwa hiyo matumizi ya gogo la kukalia nilijua moja tu.

Mama alikuwa mjamzito. Miguu ilimvimba mpaka viatu vikamkataa, halafu uso ukafuata, na asubuhi moja baba akampeleka hospitali kwa gari la kuomba. Jioni akarudi peke yake. Nilimuuliza mama yuko wapi. Akasema wamembakiza, wanamwangalia. Nikamuuliza wanamwangalia nini. Akasema nile chakula.

Kesho yake akaanza magogo.

Aliyafanyia kazi kwa utulivu ambao sikuwahi kumwona nao hata akitengeneza saa yake. Kwanza aliyaambua magome kwa panga, kwa sababu chini ya gome ndiko wadudu wanakojificha. Kisha alikoroga mavi ya ng'ombe na majivu, akayapaka vichwani, kule yalikokatwa, ili yasikauke kwa pupa na kupasuka. Akayalaza upenuni juu ya mawe, yasiguse udongo wala yasipigwe na jua, na kila asubuhi kabla ya chai aliyageuza ubavu mwingine kama anayegeuza mgonjwa. Huko kwetu ukungu huingia mpaka kwenye sanduku la nguo, na mti ukiachwa hivihivi huota uyoga kabla hujaukalia. Lakini mimi sikujua habari ya uyoga. Magogo ya msiba niliyowahi kuona yaliletwa mbiombio, mabichi, na magome yake, maana kifo hakikupi nafasi. Haya yalitayarishwa taratibu. Nikaelewa kwamba baba anajua msiba unakuja na ameamua usimkute hajajiandaa.

Nilijaribu kumchunguza. Aliniita mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Baba, haya magogo ni ya nini?"

"Ya kukalia, mama."

"Atakaa nani?"

"Watu. Watakuja wengi, Mungu akipenda."

"Watakuja lini?"

Akatazama barabarani kidogo, halafu akarudi kwenye panga lake. "Mama yako akishatoka hospitali."

Mzee wa nyumba ya chini naye alitoka hospitali, nyuma ya pikapu, amefunikwa turubai, na watu wakaja wengi kwelikweli. Sikuhitaji kuuliza zaidi. Kilichonichanganya ni kwamba baba hakulia. Usiku alinisalisha kama kawaida, akamwombea mama apone, na asubuhi akaamka kuyageuza magogo. Nilijiuliza Mungu ataelewa vipi mtu wa namna hii.

Kisha Bibi akaja kutoka Mgwashi kwenyewe kunilea. Alikuja na kikapu chake, na ndani yake mche wa mgomba, maana hakuwahi kuja kwetu bila mche. Nilimwamkia shikamoo nikakimbilia kupokea kikapu, lakini macho yake yalikuwa upenuni. Hakunijibu hata marahaba. Akamgeukia baba kwa Kishambaa cha haraka, kile cha ugomvi.

"Hayo magogo yatoke hapa leo."

"Mama, yanakauka."

"Yakaukie kichwani kwako! Mke wa mtu yuko kitandani na wewe unapanga magogo uwanjani? Una akili?"

"Ni kazi tu, mama. Nitakwambia siku yake ikifika."

"Sitaki kuambiwa. Nataka yatoke."

Hayakutoka. Bibi akaapa kwamba hatapita upande ule, na kweli, tangu siku hiyo alipotaka kwenda kisimani alizunguka nyumba nzima akikanyaga majani yenye umande ili asiyapite magogo. Mnaweza kufikiri mimi nilipata faraja gani. Kama Bibi, aliyekuwa hamwogopi hata mbwa wa kiwanda, anaogopa magogo, basi jambo limeshakuwa.

Mjomba Sanga ndiye aliyeniharibia mahesabu. Magogo yalipokauka walikaa wote wawili na tezo, wakayachonga juu yawe bapa, na upande wa chini wakaubabua juu ya makaa mpaka ukawa mweusi, wakisema hapo mchwa akigusa atatema. Ndipo ikaja oili chafu, aliyoipata Mjomba kwa fundi wa malori. Waliipasha, wakaipaka kwa kitambaa, wakaacha mti unywe, wakapaka tena. Harufu iliingia kwenye ugali. Mjomba Sanga alisimama akatazama kazi yake, mikono mieusi mpaka viwikoni, akasema kwa furaha, "Hili mvua ije isije, halina habari. Binti, hata wajukuu zako watalikalia."

Wajukuu zangu? Nilikuwa darasa la pili. Msiba gani huo ambao wajukuu zangu wataukuta bado watu wamekaa? Nililala nikiwaza msiba usiokwisha, wanaume wakizeeka kwenye magogo yetu, wakifa, na wengine wakiletwa kuwakalia hao. Nilichanganyikiwa kiasi kwamba darasani nilipoulizwa jibu la hesabu nilisema, "Bado hajatoka hospitali," na darasa zima likanicheka.

Kila nikitoka shule nilikwenda kukaa kwenye kona ya barabara. Nilitaka niwe wa kwanza kumwona. Sikuwa na mpango wowote, nilifikiri tu kwamba pikapu yenye turubai ikija nitasimama katikati ya njia na dereva atalazimika kurudi alikotoka. Siku moja ikaja. Turubai la kijani, limefungwa kamba. Nikasimama katikati. Dereva alifunga breki mpaka mawe yakaruka, akatoa kichwa dirishani.

"We mtoto, unataka kufa?"

"Umembeba mama yangu?"

"Nini?"

"Hapo nyuma. Ni mama yangu?"

Akanitazama, akamtazama mwenzake. Kisha akashuka, akafungua kamba moja, akainua pembe ya turubai. "Kabichi," akasema kwa upole. "Nimebeba kabichi, binti. Hizi hapa." Akaniwekea moja mikononi. Halafu akasugua viganja na kutazama huku na huku. "Hapa kwenu hakuna hata mahali pa kukaa mtu akanywa chai? Baridi inatuua."

Nilikimbia na kabichi yangu bila kumjibu. Swali lake lilinipita kama upepo.

Njiani nikamkuta Mjomba Sanga akikata majani ya mbuzi, na hapo moyo ukashindwa kubeba. Nikamuuliza, "Mjomba, mama ameshakufa au bado?"

Mundu ulimtoka mkononi. Hakuniuliza nimeyatoa wapi. Alinishika mkono, tukaenda naye mpaka nyumbani, na mimi na kabichi, akamwambia baba, "Zungumza na mtoto wako. Zungumza naye sasa hivi."

Baba hakunikalisha uwanjani. Alinirudisha kulekule barabarani, kwenye kona, akasimama penye nyasi kando ya njia. "Hapa," akasema, "nitajenga kibanda. Mama yako akipona atapika chai na maandazi, na mimi nitachoma viazi. Magari ya kabichi yote yanapita hapa, na wale madereva wamekaa kwenye usukani tangu alfajiri, hawana pa kunyoosha mgongo. Magogo ni ya kwao. Yatakaa nje hapa, mvua yote iyapige, ndiyo maana nayatengeneza. Sikumwambia mtu, hata Bibi yako, kwa sababu jambo halijawa. Mama yako mwenyewe hajui."

"Kwa hiyo si ya msiba?"

"Msiba wa nani?"

Nikamwambia wa nani. Baba alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Mikono yake ilinuka oili na hakunigusa, nadhani aliogopa kunichafulia sare. Akasema, "Sikiliza, mama. Hapa kwetu hakuna anayekufa. Umesikia? Hakuna."

Nilimwamini na sikumwamini. Alisema kama mwalimu anayesoma kitabu ambacho hajakielewa. Lakini neno lilikuwa limesemwa na mtu mwenye ufunguo wa boila, nikalishika hilohilo. Usiku ule nilikula kabichi mpaka tumbo likauma.

Haikupita muda mrefu Bibi akaitwa hospitali. Alilala huko, na siku ya pili mchana nikiwa kwenye kona yangu gari moja likasimama na mama akashuka. Alishuka mwenyewe, kwa miguu yake! Miguu ilikuwa myembamba tena, viatu vikimpwaya. Nililia kwa sauti. Nilimng'ang'ania kiunoni na mikono yangu ikakutana nyuma, ndipo nikagundua kwamba tumbo halipo.

"Mtoto yuko wapi?"

Mama alifungua mdomo. Bibi akawahi. "Mtoto hakuja," akasema.

Nikaona ni sawa. Magari mengi yalikuwa hayaji siku yalipongojwa, na yakaja siku nyingine. Bibi alibeba kikapu mkono mmoja, na kifuani alikumbatia kitu kidogo alichokifunga vizuri kwenye kanga. Hakuingia ndani. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, migombani, na kina mama wawili majirani wakamfuata na jembe bila kuzungumza. Nilidhani safari hii amepata mche mzuri kuliko yote, kwa jinsi alivyoukumbatia.

Nilikuja kuambiwa nikiwa msichana mkubwa, na aliyeniambia ni mama, tukichambua mboga, bila kuinua macho. Alikuwa wa kiume. Alilia mara moja tu. Na pale kwetu, wakati ule, mtoto aliyeondoka kabla ya kupewa jina hakukaliwa msiba. Wanawake wachache walimsitiri, wakanawa mikono, ikawa imekwisha. Hakuna moto, hakuna wanaume nje, hakuna anayekuja kusema pole kwa sauti, maana kusema kungekuwa ni kuita jambo lirudi. Baba hakuruhusiwa hata kwenda migombani. Nimefikiri mara nyingi juu ya yale maneno aliyoniambia kule barabarani akiwa amechuchumaa, na sijui aliyabeba vipi.

Lakini siku ile mimi nilikuwa binti mwenye furaha kuliko wote mlimani. Mama amerudi anatembea. Hakuna aliyekufa. Baba alikuwa ameyatoa magogo upenuni, ameyapanga uwanjani nusu duara aone yatakavyokaa kwenye kibanda, na mimi niliyarukia moja baada ya jingine, nikikaa na kuinuka, nikiimba. Nilimwita mama aje aone. Nilimweleza kila kitu kwa pumzi moja, kibanda, chai, madereva, maandazi, siri ya baba yote nikaimwaga. Mama alisimama mlangoni akiyatazama yale magogo. Baba alikuwa pembeni ya nyumba na panga mkononi, hakuwa akikata chochote.

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya mlima na ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Mama akashuka kizingiti, akaja polepole, akakaa kwenye gogo.

"Utachafua kanga," Bibi akasema kutoka mlangoni. "Oili haijakauka. Na baridi hii, mzazi wewe. Ingia ndani."

Mama hakuinuka.

Bibi akashusha sauti, lakini nilikuwa karibu nikasikia. "Mwanangu, huyo hakaliwi. Unajua hakaliwi."

"Najua, mama," mama akasema. "Mimi nakaa."

Baba akaweka panga chini. Akaja akakaa kwenye gogo la pili, viwiko magotini, akitazama ardhi. Mjomba Sanga alikuwa anapita na mzigo wake wa majani. Alisimama, akawaangalia, akatua mzigo, akavua kofia, akaja naye akakaa bila salamu. Sijui kama alizijua taratibu zetu, au alijua tu watu waliokaa namna ile huwa wanamngoja mtu. Mama alikuwa analia bila sauti, na mimi nikaona ni oili, maana moshi wake uliwahi kunitoa machozi hata mimi.

Nikajua kazi yangu. Nilijipangusa mikono kwenye gauni, nikasimama mbele yao kama nilivyoona wanavyofanya kwenye hoteli ya Lushoto mjini, nikasema, "Karibuni wateja. Mtakunywa nini?"

Baba alifunika uso kwa mikono yake miwili. Nilidhani anacheka.

Mama alijipangusa macho kwa pembe ya kanga. "Chai," akasema. "Tuletee chai, mwanangu."

Nikakimbia jikoni, nikachochea moto, nikapanga vikombe kwenye sinia. Nilitoka na birika taratibu nisimwage. Bibi alikuwa ameondoka mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye gogo, yeye aliyekuwa akizunguka nyumba nzima asiyapite, amekaa kando ya mama na kumfunika bega kwa kanga yake, na magogo yote yalikuwa na watu. Nilifurahi sana. Nilidhani biashara imeanza.